Kidonge Hakisafishi Lambo

Mazungumzo yaliyotolewa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani, Nkuhungu, Dodoma



Katibu aliponipigia simu aliniomba nizungumze juu ya jambo lolote la afya, na bila shaka alitazamia nitasema habari za kisukari na shinikizo la damu, maana ndiyo magonjwa ya umri wetu. Hayo nawaachia madaktari. Mimi nimemaliza miaka yangu ya kazi maabara, jicho likiwa kwenye hadubini, nikipima mikojo ya watoto wa mkoa huu, na ugonjwa ninaoujua vizuri ni kichocho.

Nimeuchagua kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba nchi yetu, pamoja na nchi nyingine zenye ugonjwa huu, imelenga kuuondoa kama tatizo la afya ya jamii ifikapo mwaka 2030, na mwaka huo uko karibu. Ya pili ni kwamba mkutano huu, kabla jua halijachwa, utapiga kura juu ya matumizi ya fedha za mfuko wetu. Nitajitahidi kuonyesha kwamba mambo hayo mawili yanahusiana.

Safari ya mdudu

Wengi wetu tulifundishwa habari za kichocho darasani, lakini miaka imepita, kwa hiyo nitakumbusha kwa ufupi.

Tanzania ina vichocho vya aina mbili. Kuna kichocho cha tumbo, ambacho makao yake makubwa ni kando ya Ziwa Victoria, na kuna kichocho cha mkojo, ambacho ndicho kinachotuhusu zaidi sisi wa nchi kavu. Minyoo wa kichocho cha mkojo huishi, dume na jike, katika mishipa ya damu inayozunguka kibofu. Jike hutaga mayai, na kila yai lina mwiba mmoja nchani. Mayai mengine hutoboa kibofu na kutoka na mkojo, ndiyo maana mgonjwa hukojoa damu. Mayai mengine hunasa katika nyama na kuzua makovu, na makovu hayo ndiyo yanayoharibu kibofu na figo polepole. Tangu mwaka 1994 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limemweka mnyoo huyu katika orodha ya visababishi vya saratani kwa binadamu, kwa ajili ya saratani ya kibofu.

Yai likifika katika maji baridi huanguliwa. Kijidudu kinachotoka hakina hata siku nzima ya kuishi. Ni lazima kimpate konokono. Tena si konokono yeyote, bali wale wadogo wa majini waitwao Bulinus. Kikimkosa kinakufa. Kikimpata kinaingia mwilini mwake na kuzaliana, na baada ya majuma kadhaa konokono huyo huanza kutoa vijidudu vingine, maelfu kwa maelfu, vyenye uwezo wa kupenya ngozi ya mtu kwa dakika chache bila yeye kuhisi kitu.

Sasa angalieni saa. Konokono hutoa vijidudu hivyo kwa wingi wakati wa jua kali, takriban kuanzia saa nne asubuhi hadi saa nane mchana. Mgonjwa naye hutoa mayai mengi zaidi katika mkojo wa saa hizo hizo. Na mtoto wa Dodoma huingia lamboni kuoga saa ngapi? Saa hizo hizo. Mdudu huyu ameyazoea maisha yetu kuliko sisi tulivyoyazoea yake.

Daktari Theodor Bilharz aliwagundua minyoo hawa mjini Kairo mwaka 1851. Ilichukua hadi mwaka 1915 kwa Robert Leiper, huko huko Misri, kuthibitisha kwamba konokono ndiye kiungo. Tangu hapo binadamu amejua sehemu zote nne za mnyororo: mkojo, maji, konokono, ngozi. Imepita zaidi ya karne. Swali la kujiuliza ni kwa nini mnyororo haujakatika.

Kutoka sindano hadi kidonge

Dawa ya kwanza ya maana ilianza kutumika Khartoum mwaka 1918, nayo ilikuwa sindano za chumvi ya antimoni. Ilikuwa dawa kali, na mgonjwa alidungwa mara nyingi ndipo apone. Misri iliwadunga watu wake kwa kampeni kubwa tangu miaka ya 1950 hadi miaka ya 1980, kwa nia njema kabisa, lakini sindano zilizorudiwa bila kuchemshwa sawasawa zilieneza virusi vya homa ya ini aina ya C, na taifa lile limebeba mzigo huo miaka mingi baadaye. Nalitaja hili ili tukumbuke kwamba kampeni ya taifa yaweza kushinda vita moja na kuanzisha nyingine.

Katika miaka ya 1970 huko Ujerumani kulipatikana dawa ya prazikwanteli, na mambo yakabadilika. Hii ni dawa ya kumeza. Dozi moja huua minyoo wengi, na haihitaji sindano wala kulazwa. Hata mizani si lazima: watoto husimama kando ya fito iliyotiwa alama, na urefu wa mtoto hueleza ni vidonge vingapi ameze. Mwalimu wa shule ya msingi akipewa mafunzo mafupi anaweza kuifanya kazi hiyo.

Mwaka 2001 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani uliazimia kwamba nchi zenye kichocho ziwatibu angalau asilimia 75 ya watoto wa umri wa shule walio hatarini. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi sita za Afrika zilizoanza mapema kwa msaada wa mpango uliokuwa katika Chuo cha Imperial, London; nyingine zilikuwa Burkina Faso, Mali, Niger, Uganda na Zambia. Kuanzia mwaka 2007 kampuni ya Merck ya Ujerumani imekuwa ikitoa vidonge bure kupitia Shirika la Afya Duniani. Baadaye kazi ya kichocho iliunganishwa na ya matende, usubi, trakoma na minyoo ya tumbo, chini ya mpango wa taifa wa magonjwa yaliyokuwa hayapewi kipaumbele.

Nami niliyashuhudia matunda yake. Chupa za mkojo zilizokuwa zikifika mezani kwangu nyekundu kama chai ya rangi zilipungua mwaka hadi mwaka. Asije mtu akawaambia kwamba vidonge havikufanya kazi. Vimefanya kazi kubwa.

Lakini kuna neno moja katika lengo la mwaka 2030 ambalo naomba mlisikie vizuri. Kuuondoa ugonjwa "kama tatizo la afya ya jamii" maana yake ni kwamba wenye maambukizi mazito wawe chini ya asilimia 1. Kwa kichocho cha mkojo, maambukizi mazito ni mayai 50 au zaidi katika mililita 10 za mkojo. Mtoto mwenye mayai 49 hahesabiwi. Hiyo si sawa na kusema maambukizi yamekatika. Mtoto huyo wa mayai 49 akikojoa lamboni leo, mvua zijazo tutaanza upya.

Somo la Morogoro

Ndugu Mwenyekiti, jirani zetu wa Morogoro walituachia somo mwaka 2008. Watoto wa shule za msingi walipewa dawa za kichocho na minyoo. Prazikwanteli ikimezwa tumbo likiwa tupu huleta kizunguzungu, kichefuchefu na kutapika. Watoto wakaanza kulegea, habari zikaenea kwamba wamekufa, na wazazi wakavamia shule kuwatafuta watoto wao. Ikawa ghasia, na zoezi likasitishwa.

Ni rahisi kuwacheka wazazi wale. Mimi siwacheki. Mzazi aliyeletewa dawa ya ugonjwa ambao hakuelezwa, imezwe na mtoto asiyelalamika kuumwa, siku ambayo hakuambiwa, anayo haki ya kuogopa. Dawa ilikuwa nzuri. Kilichopungua ni mazungumzo na uji. Wenzetu walioendesha zoezi hilo baadaye wamesisitiza mambo hayo mawili: mzazi aelezwe mapema, na mtoto ale kabla ya kumeza.

Kinyume chake, Kilosa ilitufundisha jambo jema. Mwishoni mwa miaka ya 1980 watafiti wa Ifakara walitaka kujua ni shule zipi za wilaya hiyo zenye kichocho kingi. Kupima mkojo wa kila mtoto kungegharimu fedha nyingi. Basi wakawatumia walimu. Fomu fupi zilipitia ofisi ya elimu, zikafika kwa walimu, na walimu wakawauliza watoto kwa Kiswahili chepesi kama wamepata kichocho, kama wamekojoa damu. Majibu ya watoto yalipolinganishwa na vipimo vya maabara yalionekana kuaminika kiasi cha kutosha kuzitambua shule zenye hatari. Njia hiyo ilienea nchi nyingine za Afrika. Mimi niliyekula mshahara wa hadubini nakiri bila wivu kwamba swali zuri la mwalimu lilifanya kazi yangu kwa bei ndogo zaidi.

Walioachwa nje ya mstari

Sasa niwaambie wale ambao kidonge cha shuleni hakiwafikii.

Mtoto wa miaka mitatu hafiki shuleni, lakini hufika majini mgongoni mwa mama au ndani ya beseni la kuogea. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilishauri matibabu yaanze umri wa miaka miwili na yafike kwa watu wazima pia, si wanafunzi peke yao. Mwishoni mwa mwaka 2023 dawa ya kichocho iliyotengenezwa kwa ajili ya watoto wadogo ilipata maoni chanya ya wakala wa dawa wa Ulaya. Hilo ni jambo la kushangilia. Lakini dawa kuidhinishwa ni jambo moja, na kufika Chipogolo ni jingine.

Mvuvi wa Mtera hafiki shuleni. Mchungaji anayenywesha ng'ombe hafiki shuleni. Mkulima wa mpunga wa Bahi, aliyesimama majini hadi magotini tangu asubuhi, hafiki shuleni. Hawa wote wakibaki na minyoo yao, na minyoo huishi miaka mitatu, mitano, hata zaidi, basi konokono hawatakosa chakula chao.

Kuna kundi jingine, na hapa naomba wanaume wenzangu mnisikilize. Sisi tulikulia mahali ambapo kukojoa damu kulichukuliwa kuwa jambo la wavulana. Katika vijiji vingi vya Afrika ilihesabiwa kuwa ni dalili ya kubalehe. Bweni zima lilicheka, na aliyecheka zaidi ni mwenye nayo. Kwa sababu hiyo tumeuita ugonjwa wa wavulana, na tukamsahau dada yetu, ambaye ndiye aliyetumwa maji, ndiye aliyefua, ndiye aliyeosha vyombo.

Kwa mwanamke mayai ya kichocho hunasa pia katika viungo vya uzazi. Hapo huleta vidonda, maumivu, kutoka uchafu, damu isiyo ya hedhi, na wakati mwingine ugumba. Dalili hizi zinafanana sana na za magonjwa ya zinaa. Mwanamke huyu akifika zahanati hupewa dawa za zinaa, haponi, anarudi, anapewa tena. Nyumbani mume anaanza kuhesabu siku alizosafiri. Ndoa imevunjika kwa ajili ya mdudu wa lamboni, na mwanamke hakutenda kosa lolote. Zaidi ya hayo, utafiti uliofanyika vijijini Zimbabwe na kuchapishwa mwaka 2006 ulikuta kwamba wanawake wenye kichocho cha via vya uzazi walikuwa na virusi vya UKIMWI kwa kiasi kikubwa zaidi kuliko wasio nacho.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Huyu hakuyaficha. Aliyasema, hakueleweka. Kama kuna jambo moja tu mtakalolibeba kutoka katika mazungumzo yangu, basi mlibebe hili, mkawaambie wake zenu, binti zenu na wauguzi mnaowafahamu: mwanamke aliyekulia penye kichocho, mwenye dalili hizo zisizosikia dawa, aulizwe habari za maji ya utotoni mwake.

Visiwani na ughaibuni

Baadhi yenu mtauliza kama kuna mahali palipofaulu. Papo.

Japani ilikuwa na kichocho cha aina yake katika bonde la Kofu. Waliwatibu wagonjwa, lakini hawakuishia hapo. Waliisakafia mifereji ya mashamba kwa saruji ili konokono wakose pa kuishi, na baadhi ya majaruba ya mpunga yakageuzwa bustani za matunda. Mgonjwa mpya wa mwisho alionekana mwaka 1977, na mwaka 1996 jimbo la Yamanashi likatangaza kwamba ugonjwa umekwisha. Ilikuwa kazi ya vizazi kadhaa.

Kwetu, mfano mkubwa ni Zanzibar. Unguja na Pemba zina kichocho cha mkojo peke yake. Kuanzia mwaka 2012 hadi 2017 visiwa hivyo viliendesha mradi mkubwa wa kukata maambukizi. Watu walipewa prazikwanteli mara mbili kwa mwaka, watoto shuleni na watu wazima nyumbani. Katika baadhi ya shehia mabwawa na vijito vilipigwa dawa ya kuua konokono. Katika nyingine watu walifundishwa tabia mpya, zikajengwa sehemu za kufulia na za kukojolea karibu na maji, na watoto wakafundishwa michezo ya nchi kavu. Ugonjwa ulishuka sana, na maambukizi mazito yakawa machache katika sehemu kubwa ya visiwa.

Nisiwafiche upande wa pili. Walipolinganisha shehia zilizopata vidonge peke yake na zile zilizoongezewa dawa ya konokono au mafunzo ya tabia, hawakuona tofauti kubwa katika muda ule wa mradi. Mtu anayetaka kubishana nami atasema: basi vidonge vinatosha. Lakini tazameni kilichofuata. Matibabu yaliposimama kwa zaidi ya mwaka, maeneo yaliyokuwa sugu yalirudisha ugonjwa. Pemba ikalazimika kubuni njia mpya ya kupima, kutibu na kufuatilia mgonjwa mmoja mmoja hadi kwenye maji anayotumia. Sehemu ya kufulia iliyojengwa mwaka juzi haiwezi kushindana na vidonge kwa miaka minne. Itashindana navyo siku vidonge vitakapokosekana.

Na siku hiyo si ya kufikirika. Mwanzoni mwa mwaka 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na mipango ya magonjwa haya katika nchi nyingi, ikiwamo yetu, ilikuwa ikitegemea sehemu ya fedha hizo. Kidonge chenyewe ni cha bure, lakini gari la kukitoa bohari hadi shuleni, posho ya mwalimu, fomu na uji, hivyo si vya bure. Nchi inayotegemea kidonge peke yake imefunga mlango kwa ufunguo ulio mfukoni mwa mtu mwingine.

Mambo ya kwetu

Turudi nyumbani. Dodoma ina mvua za msimu mmoja, kati ya Desemba na Aprili, na mwaka wa kawaida hazizidi sana milimita 550. Kwa sababu hiyo watu wa hapa wamekuwa wachimba malambo tangu zamani. Bwawa la Hombolo lilijengwa mwaka 1957. Mtera ilikamilika mwaka 1980. Hatuwezi kumwambia Mgogo akae mbali na maji. Hayo ni maneno ya mtu mwenye bomba.

Mtu aweza kudhani kwamba ukame unatusaidia, kwamba lambo likikauka konokono wanakufa. Sivyo. Bulinus wa madimbwi ya msimu hujifukia katika tope, wakalala miezi yote ya kiangazi, na mvua ya kwanza ikigonga wanaamka. Jambo hili lilichunguzwa kwa makini kule kanda ya ziwa tangu enzi za Tanganyika. Ardhi iliyopasuka kwa jua bado inaye.

Sisemi kwamba kila dimbwi lina kichocho. Hapa Nkuhungu mnajua jinsi maji yanavyotuama mvua zikizidi, na watoto wanavyoyafurahia. Pasipo konokono anayehusika, au pasipo mkojo wa mgonjwa, hapana kichocho. Lakini tangu Serikali ilipohamia na Dodoma kupewa hadhi ya jiji tarehe 26 Aprili 2018, watu wamekuja kutoka kila pembe ya nchi, kila mmoja na maji aliyoyaoga utotoni. Mkojo husafiri na mwenyewe.

Ndugu zangu wa rika langu mtakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu wapatao milioni mbili walikusanyika katika vikundi kusikiliza redio, wakasoma vitabu vyao, wakajadiliana, kisha wakaondoka na majembe. Kichocho kilikuwa mojawapo ya masomo yake, pamoja na malaria, safura, kuhara damu na kifua kikuu. Siku zile hapakuwa na prazikwanteli. Watu walipewa elimu na wakachimba vyoo. Leo tuna kidonge kilichokosekana wakati ule, na tumekiachia kazi yote. Laiti tungeviweka pamoja, majembe ya mwaka 1973 na vidonge vya leo, tungekuwa mbali.

Ombi langu kwa mkutano

Ndugu Mwenyekiti, sasa nafika kwenye kura. Kamati imependekeza kwamba fedha za mfuko wetu zijenge lango jipya la shule, lenye jiwe la majina yetu. Sina ubaya na lango. Nimepita katika lile la zamani nikiwa na sanduku la bati kichwani, nami ningependa kuona jina langu pale kama mtu mwingine yeyote. Hata hivyo naomba mkutano upime pendekezo jingine kabla ya kuamua.

La kwanza, tuchague shule moja ya msingi iliyo karibu na lambo, kwa ushauri wa Idara ya Afya ya wilaya husika, tuijengee vyoo vya kutosha vya wavulana na wasichana, na tanki la kuvuna maji ya mvua. Pembeni tujenge karo ya kufulia na mahali pa kuogea. Choo peke yake hakitoshi kwa kichocho cha mkojo, maana mtoto aliyemo majini hatoki kwenda chooni. Ni lazima awe na maji mengine ya kuogea ili asiingie yale. Na maji ya lambo yakihifadhiwa siku mbili bila konokono ndani yake, vijidudu vya kichocho hufa; hilo nalo lifundishwe.

La pili, humu ndani kuna walimu wasiopungua kumi, walio kazini na waliostaafu. Naomba wachukue kazi ya Kilosa. Kila mwaka, kabla ya siku ya dawa, waulize swali lile jepesi, na majibu yapelekwe kituo cha afya. Halitugharimu kitu.

La tatu, tugharimie uji wa siku ya dawa katika shule hiyo, na mkutano mmoja wa wazazi juma moja kabla. Tukumbuke Morogoro.

Nimewasikia wenzangu wakinong'ona kwamba hiyo ni kazi ya Serikali. Ni kweli, ni kazi ya Serikali, na Serikali imefanya sehemu kubwa. Lakini kidonge humsafisha mtoto, hakisafishi lambo. Atakayelisafisha lambo ni yule anayeishi kando yake, akisaidiwa na aliyewahi kuishi kando yake akaondoka. Huyo wa pili ni sisi. Wengi wetu tulioga katika maji hayo, tukatibiwa, tukasoma, tukapata mishahara. Wadogo zetu bado wanaoga humo.

Kama mkutano utaamua lango, nitachanga lango. Kama utaamua vyoo na maji, nitachanga mara mbili, na jiwe la majina mnaweza kuliacha bila langu.